Usiipake ndege rangi ya geti!

Huku Mtinko upepo unavuma kama kawaida yake, na vumbi ndiyo hivyo tena: unaanika shuka nyeupe, unaanua khaki.

Wiki hii kuna kasheshe nyumbani kwetu. Kaka yangu alikopa hela za kikoba, akanunua shiti za aluminiamu, akaunda boksi la kubebea mikate nyuma ya guta. Boksi bomba kabisa! Akalipiga redoksaidi, ile ile ya mageti, halafu juu yake rangi ya bluu. Mvua ya pili tu, rangi ikaanza kubanduka kama maganda ya kitunguu. Mteja mmoja akakuta kipande cha bluu kimekaa juu ya mkate. Basi bwana, mikate ikadoda, na rejesho ni Jumamosi.

Kaka akawa analaumu rangi feki. Nikamwambia, ungekuwa umeunda ndege je?

Usicheke. Mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika Kusini waliunganisha wenyewe ndege ya watu wanne, Sling 4, kutoka kwenye maelfu ya vipande, ikaruka kutoka Cape Town hadi Cairo. Ratiba yao ilitaja hata Zanzibar. Mwili wa ndege hiyo ni aluminiamu, na wanaojiundia ndege nyumbani wanabishania praima kama sisi tunavyobishania Simba na Yanga.

Kisa ni kwamba redoksaidi ni ya chuma. Aluminiamu haipati kutu nyekundu, ila ikiguswa na hewa inajivika utando mwembamba, laini, rangi ya kawaida inakosa pa kushika. Ndiyo maana waunda ndege wanatumia praima yenye asidi, inayouma shiti kidogo, au ya epoksi ya makopo mawili. Zamani ilivuma ile ya kromati, rangi ya kijani-njano, lakini vumbi lake linaleta saratani. Ukimkuta mtu anaipiga msasa bila kinga ya pua, mkimbie.

Ya makopo mawili ina masharti. Unachanganya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, si kwa macho, na ukichelewa inagandia humo humo. Halafu usipake nene ukadhani ndiyo uimara, maana kwenye ndege rangi nayo ni mzigo. Wapo wasiopaka kabisa kwa ndani, kwa kuwa shiti nyingi za ndege zimeshavikwa aluminiamu safi kiwandani.

Lakini kazi yenyewe hasa ni kuosha! Toa grisi, kwaruza kwa msasa laini, osha tena. Stili waya ya sufuria usiiguse, vipande vyake vya chuma vinabaki mle na kuleta kutu. Kisha mwagia maji safi. Yakitandaa yote sawasawa, poa. Yakijikusanya vitonevitone kama kwenye jani la mgomba, bado kuna mafuta, rudia. Na usipapase kwa mkono mtupu, mkono nao una mafuta yake.

Nikamuuliza kaka alisafisha na nini.

"Nilifuta na fulana."

Fulana ya gereji, jamani!

(Wenye mabati ya zinki msijione salama. Rangi ya mafuta ikikutana na zinki moja kwa moja, inageuka kitu kama sabuni, nayo inabanduka.)

Sasa kabandua yote. Praima ya epoksi kaipata kwenye duka la rangi za magari Singida mjini, na nilipotajiwa bei nilikaa chini. Atapaka alfajiri, upepo haujaamka, nje tu. Ndani kaacha aluminiamu tupu, kwa ajili ya mikate.

Mwenyekiti wa kikoba ni shangazi yetu. Kasema ataongeza wiki moja, ila kabla rangi haijapakwa aliangalie boksi kwanza. Atakuja na jagi lake la maji.