Mnawafundisha kupanga wakati upi?

Kila muhula wa pili, mitihani ya mwigo ikikaribia, shule huleta mgeni wa kuwatia watahiniwa hamasa. Mara nyingi huwa kijana nadhifu mwenye kipaza sauti na viatu vinavyong'aa, na ujumbe wake sijausikia ukibadilika tangu nianze kazi hii ya umatroni: mwanafunzi anayefaulu ni yule anayejua kupanga wakati wake. Wasichana hupiga makofi, huimba, wengine hulia. Akishaondoka, kila mmoja huchora ratiba yake ya kibinafsi kwa rula na kalamu za rangi, akaibandika ndani ya kifuniko cha sanduku.

Mimi ndiye nifunguaye masanduku hayo siku ya ukaguzi. Ninachotafuta ni simu, lakini ratiba nazo nazisoma maana ziko pale pale machoni. "Saa nne na nusu hadi saa sita usiku: Hisabati." "Saa tisa hadi saa kumi: Kemia." Mmoja alikuwa ametenga dakika za kusimama kwenye foleni ya githeri kwa ajili ya tarehe za Historia. Sijapata kuona ratiba hata moja ambayo mtoto ameandika ndani yake neno "kulala".

Watoto hawa hawakosi akili ya kupanga. Wamejaza saa hizo za giza kwa sababu ndizo pekee ambazo shule haikuwachukulia.

Hebu tuipitie siku yao. Kengele hulia saa kumi alfajiri. Saa kumi na nusu wawe darasani kwa prepu ya alfajiri, kitanda kimetandikwa, sare imevaliwa. Saa kumi na mbili ni usafi na uji. Somo la kwanza huanza kabla ya saa moja, kwa kuwa kuna kipindi cha ziada ambacho hakimo katika ratiba ya ofisini lakini kila mtu anakijua. Baada ya hapo ni masomo hadi saa kumi jioni, halafu michezo. Kwa kidato cha nne michezo ni jina tu, mwalimu wa somo fulani huwa ameshaikalia saa hiyo. Kuoga, kufua, chakula cha jioni, kisha prepu ya usiku tangu saa moja hadi saa nne. Taa za bweni huzimwa saa nne na nusu. Toka hapo hadi kengele ya alfajiri ni saa tano na nusu, nawe uondoe foleni ya chooni na minong'ono ya vitanda vya juu. Jumamosi asubuhi ni mitihani ya kujipima. Jumapili ni ibada, nguo na nywele, na jioni wanarudi prepu.

Kumwambia mtoto wa namna hii apange wakati wake ni kama kumpa somo la bajeti mtu ambaye mshahara wake wote hukatwa kabla haujamfikia. Atakachopanga ni madeni. Wasichana wangu hukopa usingizini, na nimeona wanavyolipa.

Chumba cha wagonjwa kiko mlango wa pili kutoka changu. Muhula wa kwanza daftari lake hujaa mafua na malaria. Wa pili hubadilika: "Matroni, kichwa." "Matroni, tumbo lachoma." Wengine wameshajipa wenyewe jina la ugonjwa, vidonda vya tumbo, kabla hata muuguzi hajawagusa. Wapo wanaoanguka gwarideni asubuhi. Wapo ambao hedhi imepotea miezi miwili na hawathubutu kumwambia mtu, kwa vile wanajua mtu wa kwanza atawaza nini; muuguzi akiwahoji anakuta uchovu, hofu na vyakula vilivyorukwa ili kuwahi darasani. Tena wako wengi ambao nikiwaacha walale saa mbili huamka wazima, wakavaa viatu na kuniaga. Hao sijui niwaandike wana ugonjwa gani.

Umri huu una mambo yake, wala si ukaidi. Katika ujana saa ya mwili husogea mbele: melatonini, homoni inayoleta usingizi, huchelewa kutoka usiku kuliko kwa mtoto mdogo au mtu mzima. Mimi saa tatu nasinzia kitini, wao ndipo macho yanakuwa makavu. Sasa mtu kama huyo ukimwamsha saa kumi unamkatia usingizi wa mwisho wa usiku, ule wenye ndoto nyingi, na ni usingizini ambamo ubongo huyaimarisha yaliyosomwa mchana. Mwalimu wa Kemia analalamika kwamba aliwafundisha jambo jana na leo halimo vichwani. Naamini alifundisha vizuri. Lilikosa usiku wa kukaa.

Yale wanayoyafanya ili wasilale ningeweza kuyaandikia kitabu. Miguu ndani ya beseni la maji baridi. Tochi ndani ya blanketi. Kahawa kavu inayolambwa kutoka kwenye karatasi, na wanaoilamba hawajui kwamba baada ya takriban saa tano nusu ya kafeini ile bado imo mwilini. Aliyeilamba saa nne usiku, hata akitaka kulala saa nane, mwili wake haujakubali. Mahali penye shughuli zaidi ni chooni, kwani huko taa haizimwi. Nimewakuta saa tisa usiku wamesimama wamejipanga ukutani, kila mmoja na buku lake, katika harufu ambayo mtu hangeivumilia dakika mbili mchana. Wenyewe wanaiita transi, na asiyefanya transi huonekana hana malengo.

Sitawaita wajinga. Hofu yao ina msingi. KCSE imekuwapo tangu 1989, na kwa watoto wengi ndiyo mlango pekee wanaouona. Anayetaka shahada chuo kikuu anahitaji C+ kwenda juu, na katika mtihani wa 2024 waliofika hapo walikuwa takriban robo tu ya watahiniwa. Nyumbani kuna mama aliyeuza ng'ombe. Ofisini kuna mkuu wa shule ambaye wastani wa shule ukiteremka kidogo ataitwa na bodi ajieleze, na wazazi watahamisha watoto. Shule jirani ikiamsha saa kumi, kwetu itapendekezwa saa kumi kasorobo. Mzazi mmoja aliniambia pale getini, tena kwa fahari, "Nimemleta hapa kwa sababu nasikia hapa hamlali." Nilimwitikia tu, alikuwa amebeba godoro.

Jambo linaloniudhi ni kwamba mashauri haya yote yalishakatwa. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema masomo yaanze saa mbili asubuhi na yaishe saa tisa na nusu alasiri. Kwa shule za bweni, prepu ni saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu usiku. Kutoka saa tatu na nusu hadi saa kumi na mbili asubuhi, kanuni zinasema, ni wakati wa kulala. Hiyo ni saa nane na nusu. Mwaka uliofuata, wataalamu wa usingizi wa Marekani walio katika American Academy of Sleep Medicine walipendekeza saa nane hadi kumi kwa wenye umri wa miaka 13 hadi 18, kwa hiyo Kenya ilikuwa imetangulia. Ni nadra kutangulia hivyo, na hakuna anayejisifu. Masomo ya likizoni nayo yalipigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, pamoja na faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja. Kila anayeishi karibu na shule anajua madirisha gani yana watu mwezi wa nane.

Basi tunapomleta yule kijana wa kipaza sauti, tunakuwa tumeuhamisha mzigo. Sheria ya watu wazima imevunjwa na watu wazima, kisha mtoto wa miaka 17 anaambiwa tatizo ni nidhamu yake ya wakati. Akishindwa, ameshindwa kupanga. Ndiyo maana anakuja kwangu analia, si kwa sababu kazi ni nyingi, maana kazi ameizoea, ila kwa kuamini kwamba wenzake wote wanaweza na yeye ndiye mbovu. Mwalimu wa ushauri nasaha yupo, mtu mwema kabisa, lakini ana vipindi vyake vya kufundisha, na ofisi yake iko mkabala na ya naibu mwalimu mkuu. Nani atakayekatiza pale na macho mekundu?

Wako watakaoniambia: sisi tulisoma hivyo hivyo na tumekuwa watu. Kweli. Lakini wanaoalikwa jukwaani kusema hivyo ni wale waliovuka. Waliosoma hivyo hivyo na wakapata D hawapewi kipaza sauti.

Palikuwa na msichana mmoja wa kidato cha nne aliyelala kitanda cha chini karibu na mlango. Prepu ikiisha alipiga mswaki, akasali, akalala. Wenzake walimbandika jina Bi Godoro. Darasani alikuwa na mtindo wake: akishasoma ukurasa hufunga kitabu, huchukua karatasi tupu na kuandika anachokumbuka, kisha hufungua kitabu kuona alichoacha. Nilimuuliza nani kamfundisha, akasema, "Hakuna, matroni. Nikisoma kwa macho tu naona najua, halafu kwenye mtihani sijui." Watafiti wa kumbukumbu wanakubaliana naye: kujiuliza bila kitabu hushinda kukisoma tena na tena.

Najua mnataka kuambiwa alipata nini. Alipata B. Miongoni mwa waliokesha chooni wapo waliomshinda na wapo walioambulia D, na mtoto mmoja hathibitishi kitu. Namtaja kwa sababu nyingine. Mwaka ule wote alikuja chumba cha wagonjwa mara moja, alipoteguka kifundo cha mguu kwenye mpira wa pete.

Kwa wasichana wenyewe, maadamu kengele bado ni ya saa kumi, nina machache ya kusema. Prepu ya usiku ndiyo saa zenu nzuri. Anzeni na somo mnaloliogopa, kwa karatasi tupu kama Bi Godoro, wala msijaribu kuyagusa masomo yote nane usiku mmoja. Taa ikizimwa, laleni. Kahawa iwe ya asubuhi. Jumapili mchana ni yenu, msimpe mtu. Na mtu akikwambia kichwa kinamuuma kila siku, mlete kwangu, usimpe kidonge chako.

Kwa kweli haya ni ya kuziba ufa. Kusogeza kengele ndilo jambo lenyewe, na halihitaji shilingi ya bajeti wala mkufunzi kutoka Nairobi. Nililitaja kwa mkuu wangu wa shule. Alinisikiliza vizuri, akasema tutalijaribu muhula wa tatu, mitihani ya mwigo ikishapita. Nikamkumbusha kwamba muhula wa tatu ndio wa KCSE. Akacheka, akasema basi Januari.

Januari yenyewe ilifika na wageni. Mwaka huu wa 2026 gredi ya 10 imeingia katika shule za sekondari ya juu, na darasa la mwisho la 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027. Tuliahidiwa mtaala wa kukuza kipawa cha kila mtoto, na njia ni tatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, sanaa na michezo. Sina ugomvi nao. Ila msichana aliyechagua sanaa ameonyeshwa kitanda katika bweni lile lile, na saa kumi alfajiri anaamshwa pamoja na wengine. Ratiba ya kibinafsi keshaichora. Nimeiona.

Wazazi, mkija mkutanoni mnajadili ada, basi la shule na chakula cha mchana, na mnajadili kwa ukali unaostahili. Ongezeni swali moja, na mtake jibu lake liingie kwenye kumbukumbu za mkutano: binti zetu wanazimiwa taa saa ngapi, na wanaamshwa saa ngapi? Mkijibiwa kwamba ni saa kumi, ombeni mwonyeshwe ni kifungu kipi cha Kanuni za 2015 kinachoruhusu.