Kwikwi ni Mwalimu

Katika maradhi madogo ya mwanadamu, hapana lisilojali cheo kama kwikwi, ambayo humshika mtoto mchanga aliyeshiba maziwa sawasawa na kadhi aliyesimama mbele ya hadhara; na kwa rai yangu hapana somo la siha linalostahili zaidi kutangulia madarasani, maana huanza kwa kicheko na kuishia katika ajabu.

Dawa zake twazijua sote: mtoto hubandikwa kipajini uzi uliochomolewa katika kanga ukaloweshwa mate, na mtu mzima hubana pumzi, au hushtushwa ghafula kwa kutuhumiwa wizi asioufanya. Watu hucheka, walakini kubana pumzi kuna hikima yake, kwani huzidisha hewa ya ukaa katika damu, na kuzidi huko husaidia kukituliza kiwambo, ule msuli mpana utengao kifua na tumbo, ambao ukijikaza pasipo amri ya mwenyewe huivuta hewa kwa nguvu, na mara mlango wa koromeo ukajifunga, ikatoka ile sauti.

Ajabu zaidi ni kwamba mtoto hupata kwikwi tumboni mwa mamaye, kabla ya kuvuta hewa yoyote. Mwaka 2003 wataalamu kadhaa walitoa dhana, ambayo haijathibitishwa bado, kuwa huo ni urithi wa viumbe wa kale waliokuwa na matamvua na mapafu pamoja, kwa kuwa hata leo kiluwiluwi wa chura, asukumapo maji kwenye matamvua yake, huufunga mlango wa koo vivyo hivyo ili mapafu yasifurike. Nani angedhani kuwa mtikisiko wa kifuani mwetu huenda una udugu na dimbwi la mvua?

Kicheko, hata hivyo, kisitughafilishe. Charles Osborne wa Iowa, Marekani, alishikwa na kwikwi mwaka 1922 isimwache hata 1990. Na kwikwi ipitayo siku mbili yataka tabibu.

Basi nawasihi walimu na wazazi wasiuanze ufundishaji wa mwili kwa orodha ya maradhi na vitisho, bali kwa mambo haya yachekeshayo, kwa sababu mtoto aliyezoea kuuliza kwa furaha kwa nini kifua chake humruka hataona haya, akisha kuwa mtu mzima, kumweleza daktari lililomsibu.