Simu Ikikuambia "Fomati", Wewe Kataa Kwanza

Mama zangu, na akina baba wachache mnaonisoma kimya kimya, hii ni sehemu ya saba ya mfululizo wetu wa mambo madogo ya nyumbani yanayoleta majuto makubwa. Wiki iliyopita tuliongelea homa ya usiku. Leo naomba mnivumilie. Naweka dawa pembeni, naongelea memori kadi. Ndiyo, ile kadi ndogo kama ukucha inayokaa ndani ya simu yako.

Najua kuna atakayesema, "Nesi na memori kadi wapi na wapi?" Soma mpaka mwisho ndo unijibu.

Kuna mama mmoja, amenipa ruhusa nisimulie. Hapa nitamwita Mama Kulwa. Alijifungua mapacha kabla miezi haijatimia. Kulwa aliishi siku 11. Doto akabaki, akanenepa, akaanza kuja kliniki. Watu mtaani wakaanza kumwita Mama Doto, nadhani kwa nia njema, wasimkumbushe. Yeye anawasahihisha taratibu tu: "Mama Kulwa."

Siku moja, tumekaa kwenye foleni ya kupima uzito, akaniambia, "Nesi, naomba unisomee hapa, simu yangu inaniambia nini?" Kwenye kioo kulikuwa na maandishi kwamba kadi ina hitilafu, gusa hapa ili kuifomati. Na kidole chake kilikuwa kimeshafika pale pale.

Nikamuuliza, "Mama, ndani ya hiyo kadi kuna nini?"

"Picha za watoto. Ile waliyolala pamoja. Ninayo hiyo moja tu."

Nilimshika mkono. Nilimshika kabisa, kama unavyomshika mtoto anayetaka kugusa jiko.

Nilimshika kwa sababu mwenzenu mimi nilishabonyeza. Ilikuwa zamu ya usiku, saa tisa, macho mazito, simu ikaniletea maandishi yale yale. Nikajibu sawa, ili yaondoke nione saa. Miezi minane ya kwanza ya mwanangu ikaondoka nayo. Sasa hivi yuko darasa la kwanza na picha zake zinaanzia anapotambaa. Akiniuliza alipokuwa kachanga alikuwaje, namsimulia kwa mdomo.

Hakuna aliyenifundisha kwamba kufomati maana yake ni kuifanya kadi iwe tupu. Nilidhani ni kuitengeneza. Na nikisikiliza wamama pale kliniki, wengi wanadhani hivyo hivyo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Familia changa za leo, albamu yetu ni simu. Mama zetu walikuwa na albamu kabatini, mgeni akija inatolewa pamoja na soda. Sisi kila kitu kiko kwenye simu: mtoto alivyozaliwa, bibi alivyombeba kabla hajafariki, mpaka picha ya kadi ya kliniki. Basi kujua la kufanya simu inapoacha kuisoma kadi ni sehemu ya kulea, kama kujua kukanda homa. Msikubali mtu awaambie "si simu tu hiyo". Kadi inanunuliwa dukani. Kilichomo ndani hakinunuliwi.

Sasa twende taratibu. Mgonjwa akifika hospitali, tunauliza, tunaangalia, ndo tunatibu. Hakuna nesi anayechoma sindano mlangoni. Na kadi iwe hivyo hivyo.

KWANZA, usiguse fomati. Simu ikiuliza, bonyeza ghairi au rudi nyuma. Pia acha kupiga picha na kurekodi kwa muda. Na usikubali ushauri wa kuirudisha simu kwenye hali ya kiwandani. Sababu nitaieleza hapo chini.

PILI, zima simu kabisa. Usichomoe kadi simu ikiwa inawaka, kwa sababu kuchomoa wakati inaandika ndiko kunakoharibu wengi. Ikishazimika, toa kitrei cha laini na uangalie. Mara nyingi kadi imesogea tu: simu ilianguka, au mtoto aliichezea. Angalia imekaa sawasawa kwenye kishimo chake na haijageuzwa. Halafu kuna simu ambazo kishimo kimoja kinatumika ama kwa laini ya pili ama kwa memori, si vyote viwili. Kama juzi juzi umeongeza laini ya pili, huenda jibu lako liko hapo.

TATU, isafishe. Simu zetu zinakaa kwenye kitenge, kifuani, chini ya mto, karibu na maziwa na jasho. Ile sehemu ya dhahabu nyuma ya kadi inashika uchafu. Ifute kwa kitambaa laini kikavu. Ikiwa na weusi usiotoka, raba ya penseli iliyo safi, sugua kidogo na kwa upole, kisha futa vumbi lake. Usiitie mate, usiipulizie kwa mdomo maana pumzi ina unyevu, na usichokonoe ndani ya simu kwa sindano au pini. Irudishe, washa simu, subiri dakika kama mbili.

NNE, tafuta nani anaumwa. Chukua memori kadi nyingine, iliyo nzima, uiweke kwenye simu yako. Ikisomeka, simu yako haina neno, tatizo ni ile kadi. Isiposomeka, anza kuishuku simu. Halafu kadi yako ijaribu kwenye simu ya ndugu au kwenye kompyuta. Tahadhari: nayo inaweza kuuliza kama ifomati. Jibu ni lile lile.

Hapa ndo kuna lile la kiwandani nililoahidi. Baadhi ya simu za Android hukuruhusu kuifanya kadi iwe sehemu ya hifadhi ya simu yenyewe. Ukishafanya hivyo, simu huifunga kadi kwa ufunguo uliomo ndani ya simu hiyo, na haisomeki penginepo hata ikiwa nzima. Ukiirudisha simu kiwandani, ufunguo umeutupa. Ndo maana nasema usikimbilie.

TANO, angalia ukubwa. Simu nyingi za zamani mwisho wake ni GB 32. Ukiiwekea kadi ya GB 64 au 128, itasema haiijui au itataka kuifomati, na kadi haina kosa lolote. Iweke kwenye simu mpya kidogo uone.

Ikisomeka popote, hata kwa dakika tano, usianze kufurahia picha. NAKILI KWANZA. Hamishia kwenye kompyuta au kwenye simu nyingine, ukianza na zile usizoweza kuzipata tena. Kadi iliyougua mara moja huwa inarudia.

Sasa Mama Kulwa. Tulizima simu, tukatoa kadi, tukaifuta, tukairudisha. Haikusomeka. Tukaijaribu kwenye simu ya mwenzangu, nayo ikataka kufomati, tukakataa. Nikamwambia, mama, izungushie karatasi, iweke kwenye pochi, usiijaribu tena na tena. Jioni tukaenda wote kwa fundi mmoja mwenye kompyuta na kadirida. Nilimwambia fundi mbele ya yule mama: "Hatutaki kadi ipone. Tunataka picha. Usifomati." Akaiweka, kompyuta ikachukua muda, mafaili yakaanza kutokea moja moja. Nyingine hazikufunguka. Nyingine zilifunguka nusu, chini kijivu kitupu. Ile ya mapacha ilifunguka yote.

Sitaandika alivyolia. Naandika tu kwamba hakuondoka na kadi wala flashi peke yake. Alipitia steshenari, akaisafisha picha ile nakala mbili za karatasi. Moja iko ukutani kwake, moja iko kwa mama yake kijijini.

Na hapa nina neno kuhusu mafundi. Wapo wazuri sana, lakini wengi wao kazi waliyoizoea ni simu ifanye kazi, na njia fupi ya kuifanya kadi ifanye kazi ni kuifomati. Hawakosei, wewe hukusema unachotaka. Sema kabla hujampa: "Nataka vilivyomo ndani, usifomati." Halafu baki pale pale mpaka amalize. Kadi ya mama ina picha za kunyonyesha, mtoto akiogeshwa, kadi ya kliniki yenye majina yenu. Hiyo si ya kuacha dukani ukaifuate kesho.

Aliyekwisha kufomati naye asikate tamaa haraka, kama nilivyokata mimi. Chukulia wodi. Ukichana daftari la wodi, hujui nani kalala wapi, ila wagonjwa bado wako vitandani. Kufomati kwa haraka mara nyingi kunachana daftari tu. Picha zinapotea kabisa pale unapoingiza wagonjwa wapya kwenye vitanda vile vile, yaani unapopiga picha mpya na kupakua vitu juu yake. Mimi nilipiga picha asubuhi ile ile. Wewe itoe kadi kwenye simu sasa hivi, mpelekee mwenye kompyuta na programu ya kurudisha mafaili. PhotoRec ni mojawapo na ni ya bure. Picha zikirudi, zihifadhiwe kwenye kompyuta, si kwenye kadi ile ile. Haina uhakika, lakini inafaa kujaribu.

Sisemi fomati ni adui. Ukishanakili kila kitu, kufomati kadi inayosumbua ni dawa nzuri tu, na ndivyo inavyotakiwa. Ugomvi wangu ni dawa kutolewa kabla mgonjwa hajaulizwa.

Ugomvi wangu wa pili, na huu ndo mkubwa, ni sisi wenyewe kuifanya memori kadi kuwa sanduku. Memori kadi ni mkoba wa kubebea. Inachakaa, inapotea, inaanguka ukibadilisha laini. Na kuna zile za bei chee zilizoandikwa GB 128 kumbe ndani ni 8. Zinapokea picha kwa furaha, ukija kuzifungua ni vibox vya kijivu. Ukinunua kadi mpya, ijaze kwanza na video zisizo na maana, zifungue zote mpaka ya mwisho, ndo uiamini.

Picha unayoipenda ikae mahali patatu: kwenye simu yako, kwenye kifaa kingine kisicholala nyumba moja na simu yako, na kwenye karatasi. Akaunti ya Google inakupa GB 15 za bure, unazigawana na barua pepe zako, na unaweza kuiweka ipandishe picha ukiwa kwenye Wi-Fi tu ili isile bando. Ukimtumia dada yako kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti ili isipunguzwe ubora. Na zile kumi bora za mwaka, safisha. Karatasi haiulizi kama uifomati.

Najua mtasema, "Nesi, muda huo unautoa wapi, nina kachanga." Naujua huo uchovu, ndo ulioniponza. Basi tusiongeze siku, tutumie iliyopo. Kila mwezi unampeleka mtoto kliniki kupima uzito. Siku hiyo hiyo, ukiwa kwenye benchi unasubiri kuitwa, hamisha picha za mwezi. Mtoto anapimwa, picha zinahamishwa. Na kadi ya kliniki ikishaandikwa uzito na chanjo, ipige picha palepale. Karatasi yenyewe endelea kuitunza, picha ni ya kukusaidia kumbukumbu ikilowa au ikipotea.

Na baba, wewe unayesoma kimya kimya. Usisubiri kulaumu, "mama yako alifuta." Chukua simu ya mkeo leo, mkae wote, mnakili. Ni nusu saa ya Jumapili.

Wiki hii Doto amekuja kliniki, uzito umepanda, anacheka na kila mtu kwenye foleni. Mama yake ananiambia kila asubuhi anamsimamisha mbele ya ile picha ukutani na kumwonyesha kwa kidole: huyu wewe, huyu Kulwa.

Kabla hujafunga simu yako usiku huu, nenda kaangalie picha zako zinakaa wapi. Mwenye swali aniandikie hapa chini, nikitoka zamu nitajibu. Jumapili ijayo tutaongelea mtoto anayekataa uji.