Wapuuze Wajuaji, Maliza Nyumba Yako

Waambie wajuaji wa fedha wa Nairobi kwamba unataka kumaliza mkopo wa nyumba kabla ya muda wake, uone watakavyokuhurumia. Hilo ni deni zuri, watasema. Usiliharakishe, hela yako iende ikazae kwingine, benki ingoje. Maneno haya husemwa kwenye semina za hotelini, kwenye vikao vya chama na kwenye video za wahamasishaji, hadi yamekuwa kama sheria: mjinga hulipa deni mbio, mwerevu hulivuta.

Ni ushauri mbaya, na ubaya wake unaanzia kwamba haukutungwa kwa ajili yetu.

Umetoka Marekani. Huko mtu hukopa kwa miaka 30 kwa riba isiyosogea tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Januari 2021 wastani wa riba hiyo ulishuka hadi asilimia 2.65. Aliyekopa wakati huo hana haja ya kukimbia popote, kwa kuwa baada ya muda mfupi hata dhamana za serikali yake zilikuwa zinamlipa zaidi ya hapo. Sasa mpe ushauri huohuo mwalimu wa Kitengela mwenye mkopo wa asilimia 14, tena riba inayopanda na kushuka. Mwanzoni mwa 2022 riba ya msingi ya Benki Kuu ya Kenya ilikuwa asilimia 7. Februari 2024 ilifika 13. Mwenye mkopo wa riba inayosogea hukaa akisubiri barua ya benki, na barua hiyo haijawahi kuomba ruhusa. Nchi nzima ina mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu, kwa hiyo wengi wanaotufundisha namna ya kuibeba hawajawahi kuibeba.

Tupige hesabu. Umekopa shilingi milioni 6 kwa miaka 20, riba asilimia 14. Kila mwezi utalipa kama 74,600. Katika malipo ya kwanza, 70,000 ni riba. Kinachopunguza deni lenyewe ni 4,600 na kidogo, hela ambayo haitoshi ununuzi wa wiki moja katika nyumba yenye watoto watatu. Ukifuata ratiba ya benki hadi mwisho utakuwa umelipa karibu milioni 17.9 kwa nyumba ya milioni 6. Ongeza 10,000 tu kila mwezi tangu mwanzo, na mkopo utaisha kwa miaka 12 na miezi kama minane. Riba uliyoikwepa inapita milioni 5.

Wajuaji watauliza: je, hiyo 10,000 ingewekezwa? Sawa, iwekezwe wapi? Faida ya riba kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja hukatwa kodi ya asilimia 15, kwa hiyo ili uishinde riba ya mkopo huu unahitaji faida ya karibu asilimia 16.5, kila mwaka, bila kukosa. Nakubali kwamba Februari 2024 serikali iliuza bondi ya miundombinu isiyotozwa kodi kwa zaidi ya asilimia 18. Aliyeingia humo alifanya jambo la busara, sibishani naye. Lakini bondi kama hiyo haiji kila mwezi, na hela inayosemwa “itawekezwa” aghalabu huishia kwenye ploti isiyo na njia au kwenye harusi ya binamu.

Kuna pia hoja ya kodi. Mamlaka ya kodi, KRA, hukuruhusu kutoa riba ya mkopo wa nyumba kwenye mapato yanayotozwa kodi, mwisho shilingi 360,000 kwa mwaka. Riba ya mwaka wa kwanza wa mkopo wetu inapita 830,000. Zaidi ya nusu haina nafuu yoyote, na nyongeza yako inaanza kula sehemu hiyo kwanza. Wengine husema mfumuko wa bei utalimaliza deni. Oktoba 2022, bei zilipotutoa jasho, mfumuko ulifika asilimia 9.6. Hata hapo riba ya 14 ingekuwa mbele. Ama nyumba kupanda thamani, itapanda uwe na deni au usiwe nalo.

Hoja moja ndiyo inayonifanya nisite. Ukimwaga akiba yote kwenye mkopo kisha kazi ikaisha, benki haitakumbuka kwamba ulitangulia. Sheria ya Ardhi ya 2012 imeiwekea utaratibu: notisi ya miezi mitatu, kisha ya siku 40, kisha mnada. Kwa hiyo weka kwanza pembeni matumizi ya miezi sita, mahali unapoweza kuyafikia. Na kama una deni la simu au la kadi, lenye riba kali zaidi, anza na hilo. Baada ya hapo sioni udhuru.

Hao wanaohubiri uhuru wa kifedha husahau kwamba uhuru huo huanzia kwenye kiasi unachohitaji ili uishi. Aliyekopa akiwa na miaka 40 atafuata ratiba ya benki hadi 60, umri wa kustaafu serikalini. Aliyeongeza 10,000 atamaliza kabla ya kufika 53. Miaka saba na ushee inayobaki, zile 84,600 za kila mwezi ni zake. Hata akiziweka bila riba yoyote, zinapita milioni 7. Na bosi akimkera anaweza kuondoka, jambo ambalo hakuna semina iliyowahi kunieleza linavyowezekana ukiwa unadaiwa.

Ukienda benki, andika barua: nyongeza ipunguze deni la msingi na muda ufupishwe. Usiponyoosha maneno wanaweza kupunguza malipo ya mwezi na kuiacha miaka ilivyo, na sehemu kubwa ya faida itabaki kwao. Soma pia mkataba uone kama kuna ada ya kulipa mapema. Hata ikiwa asilimia 2 ya hela unayoongeza, bado ni ndogo kuliko riba ya miezi miwili ya hela hiyohiyo.