Mapenzi ya chapa ya simu yasimtie hasara mkulima wa Katavi

WAHENGA walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa upande wa simu, wafanyabiashara wengi wa Mpanda wanauzingatia usemi huo. Aliyeanza na Tecno hununua Tecno nyingine, wa Samsung hubaki na Samsung yake, na aliyewahi kushika iPhone huziona nyingine zote kuwa za kubahatisha. Ubishi huo husikika sokoni, kwenye vijiwe vya bodaboda na hata kwenye foleni ya mashine ya kukoboa mpunga.

Ubishi wenyewe si mbaya. Tatizo ni kwamba wabishi hugombea jina lililoandikwa mgongoni mwa simu, wakati kinachomfunga mteja kiko ndani. Hicho ni mfumo endeshi, yaani programu mama inayoiendesha simu. Simu janja za Tecno, Itel, Infinix na Samsung zinatumia mfumo mmoja wa Android, ambao ni wa kampuni ya Google. Anayetoka Tecno kwenda Samsung amehama nyumba tu, kijiji ni kile kile. Lakini iPhone inatumia mfumo wa iOS wa kampuni ya Apple. Anayevuka kutoka mmoja kwenda mwingine ndiye anayehama kijiji, na lazima ajiulize mizigo yake itafikaje.

Katika uchumi jambo hilo huitwa gharama ya kuhama. Si bei ya simu mpya peke yake. Ni majina ya wateja, picha za mzigo, sauti za makubaliano na ujumbe wa WhatsApp unaoonyesha nani anadaiwa magunia mangapi. Kadiri vitu hivyo vinavyokuwa vingi ndani ya mfumo mmoja, ndivyo mteja anavyozidi kuwa mtiifu. Kampuni zinalijua hilo. Google huwapa watengenezaji wengine mfumo wake na kupata fedha kwenye matangazo na programu. Apple huuza simu zake yenyewe na kutoza kamisheni kwenye programu zinazouzwa humo. Zote mbili zinafaidika mteja asipoondoka. Kwa hiyo utii wa mteja si mapenzi siku zote. Wakati mwingine ni kufungwa tu.

Somo la Nokia

Wapo watakaosema mteja akibaki alipo hapati hasara yoyote. Historia inasema vingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jina la simu katika nchi hii lilikuwa Nokia, na waliokuwa na simu zake za mfumo wa Symbian walijiona wamefika. Februari 2011 Nokia ilitangaza kuhamia mfumo wa Windows Phone wa Microsoft, na mwaka 2014 Microsoft ikakamilisha ununuzi wa kitengo chake cha simu. WhatsApp ikaacha kufanya kazi kwenye Symbian mwaka 2017, na mwisho wa mwaka 2019 ikaacha kwenye Windows Phone pia. Mteja aliyeifuata Nokia kwa utii aliachwa njiani mara mbili.

BlackBerry, iliyokuwa simu ya wakubwa, ilizimiwa huduma za mifumo yake ya zamani Januari 4, 2022. Mfano wa karibu zaidi ni wa simu za KaiOS, ambazo ni vitochi vyenye intaneti. Smart Kitochi, iliyoletwa na Vodacom Tanzania mwaka 2019, ilikuwa mojawapo. Kwa mkulima zilikuwa na maana kubwa, kwa sababu bei ilikuwa nafuu, chaji ilidumu na WhatsApp ilikuwamo. Mapema mwaka 2025 WhatsApp ikaacha kufanya kazi kwenye KaiOS.

Waliobaki kwenye mifumo miwili mikubwa nao hawako salama kabisa. Oktoba 2023 WhatsApp iliziacha simu za Android zenye toleo lililo chini ya 5.0. Mei 2025 ikaacha iPhone 5s, 6 na 6 Plus. Hapa ndipo mnunuzi wa simu zilizotumika anapopaswa kuwa macho, maana iPhone ya zamani huuzwa kwa heshima ya jina huku umri wake ukiwa umekwisha.

Chukua mfano wa mnunuzi wa mpunga wa Majimoto. Akinunua simu mpya kwa Sh300,000 ikamtumikia miaka mitatu, amelipa Sh100,000 kwa mwaka. Akinunua iliyotumika kwa Sh600,000 ikaachwa na programu anazozihitaji baada ya miaka miwili, amelipa Sh300,000 kwa mwaka, bila kuhesabu wanunuzi wa mchele waliomtafuta wasimpate.

Namba ina daraja, mfumo hauna

Kwenye mitandao ya simu Serikali iliona tatizo kama hili ikalitafutia dawa. Tangu Machi 1, 2017 mteja anaweza kuhama kampuni ya simu bila kubadili namba. Kutuma fedha kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine nako sasa ni jambo la kawaida. Aidha, fedha za M-Pesa au Airtel Money zimeandikwa kwenye akaunti ya namba, hazimo ndani ya simu. Laini ikitolewa na kuwekwa kwenye kitochi, salio ni lile lile, na menyu ya *150*00# haiulizi kama simu ni Android au iPhone.

Kwa mifumo endeshi hakuna daraja kama hilo. Siku hizi njia za kuhamisha mazungumzo ya WhatsApp kati ya Android na iPhone zipo, lakini zinahitaji simu zote mbili ziwe zinafanya kazi. Aliyeangusha simu yake Ziwa Tanganyika akivusha mzigo kutoka Karema hana cha kuhamisha, isipokuwa kama aliweka nakala ya akiba.

Nini kifanyike

Kwanza, kabla ya kulipa, mnunuzi aulize toleo la mfumo na si jina la simu pekee. Abonyeze *#06# apate namba ya utambulisho, kisha aitume kwenda 15090 kuhakiki kama simu ni halisi. Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima, na waliopoteza ni walionunua. Kwa simu iliyotumika, muuzaji aondoe akaunti yake hapo hapo, la sivyo inaweza kujifunga na kugeuka kopo.

Pili, aangalie fundi wake wa Mpanda au Inyonga ana kioo na betri za simu gani. Simu inayosubiri kifaa kutoka Dar es Salaam katikati ya msimu wa mavuno haina faida, hata iwe nzuri namna gani.

Tatu, majina ya wateja yahifadhiwe kwenye akaunti ya barua pepe badala ya kwenye simu, na WhatsApp iwekewe nakala ya akiba.

Vyama vya msingi, halmashauri na wanunuzi wa mazao nao wana wajibu. Taarifa ya bei, ya siku ya kupima mazao au ya pembejeo ikiwekwa kwenye kundi la WhatsApp peke yake, mwenye kitochi wa Mishamo anabaki nje, na huyo ndiye dalali humpata kwa bei ya kutupa. Ujumbe mfupi wa kawaida unafika kwenye kila simu.

Kubaki na simu uliyoizoea kuna faida yake, na hakuna haja ya kukimbilia kila toleo jipya. Ila mbachao wa mfanyabiashara ni wateja wake na hesabu zake, si simu. Magunia aliyokopesha, fedha alizopokea na madeni ya msimu yaandikwe pia kwenye daftari la karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari.