Lebo ya Kifurushi na Haki ya Muuzaji Mdogo

Mwanafunzi wangu mmoja huuza vitenge kwa simu. Mteja wa Songea hulipa kwanza. Binti hufunga mzigo, huandika jina na namba ya simu juu ya boksi kwa kalamu nene, kisha hulikabidhi kwa wakala wa basi. Safari moja mteja alidai hajapokea kitu, wakala akashikilia kuwa mzigo ulichukuliwa. Na nani? Saini hakuna, saa haikuandikwa. Binti akarudisha fedha zote, nazo zilikuwa ada yake ya muhula.

Wapo watakaoiita bahati mbaya. Mimi naiita kukosekana kwa ushahidi, na hasara yake humwangukia mnyonge.

Dawa si ngeni. Umoja wa Posta Duniani hutumia namba ya herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi. Kwetu ni TZ. Tarakimu ya tisa hukokotolewa kutokana na nane za kwanza, ili kosa la uandishi libainike. Huko Marekani muuzaji huchapa lebo nyumbani, na msimbopau husomwa kifurushi kinapokabidhiwa.

Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inazikubali kumbukumbu za kielektroniki mahakamani. Basi ninyi mnaoandika kanuni, mlazimisheni kila apokeaye nauli ya mzigo, wa basi hata wa bodaboda, atoe uthibitisho wa kukabidhi bila malipo ya ziada. Asiye na printa (nasi ndio wengi) aruhusiwe kuiandika namba kwa mkono.