Mazungumzo ya nyumbani: Siku moja, visiwa vingapi?



Kisha ibada, mama mmoja wa kanisa yetu alinikamata mkono pale mlangoni. Binti yake anakaa Mestre, kule Italia, naye amemtumia tikiti ya ndege aende kuona wajukuu. Siku moja watamtembeza kwenye visiwa vya Venezia. Akaniuliza: « Pasta, weye ulifikaka kule. Niende ku kisiwa gani? Magoti yangu unayajua. »

Swali ni dogo, lakini lilinichoma, kwa sababu mimi mwenyewe nilishindwa kulijibu vizuri nilipokuwa kule. Nilipewa siku moja tu ya kupumzika katikati ya mkutano, nikataka kuona vyote: Murano, Burano, Torcello, na hata San Michele, kisiwa cha makaburi. Mashua inafika, unashuka, unatazama saa, unapanda tena. Jioni nilirudi na miguu iliyovimba na picha nyingi za gati. Njo vile nilitembelea visiwa vine bila kuona hata kimoja.

Kwanza tuelewe mahali penyewe. Venezia imejengwa ndani ya laguni, ni kusema maji ya bahari ya kina kifupi, yaliyotengwa na bahari kubwa kwa visiwa virefu vyembamba kama Lido na Pellestrina. Laguni hiyo ina karibu kilometa za mraba 550. Ni pana! Kwa hiyo usichague kisiwa juu ya uzuri wa jina lake. Chagua kwanza upande. Upande wa kaskazini kuna Murano, Mazzorbo, Burano na Torcello. Mashua ya watu wote (wao wanaiita vaporetto) namba 12 inatoka kwenye gati la Fondamente Nove na kwenda upande huo. Upande wa kusini kuna San Lazzaro, kisiwa cha watawa wa Kiarmenia tangu 1717, ambao walikuwa na mashine zao za kuchapa vitabu. Mimi ninayependa karatasi na wino ningefurahi sana kufika kule. Lakini mashua yake inatoka pengine, na wageni wanapokelewa mchana tu. Ukitaka kuiunga na Burano kwa siku moja, utaharibu zote mbili.

Tena, tikiti ya safari moja inaisha nguvu kisha dakika 75. Mwenye kuruka kisiwa na kisiwa anunue ile ya siku nzima, kama sivyo feza itamwisha mfukoni mbele ya saa sita.

Kwetu sisi watu wa migodi, mimi nilidhani jibu ni Murano. Mwaka 1291 serikali ya Venezia iliamuru matanuru ya kioo yahamie kule, kwa kuogopa mji usiungue. Mpaka leo mafundi wanapuliza kioo kwa bomba la chuma mbele ya moto unaopita digrii 1000. Mtu wa Likasi ao Lubumbashi atajisikia nyumbani! Na ile bluu nzito unayoiona katika vioo vyao, ni kazi ya kobalti. Zamani kobalti yao ilitoka migodi ya Ulaya, si kwetu. Lakini leo Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya ulimwengu, na watoto wetu wanaijua tu kama udongo ndani ya mifuko. Ni vizuri mmoja wetu aone inavyokuwa ikishika moto.

Kuna pia shanga. Katika karne ya 19 shanga za Venezia zilifika mpaka huku kwetu katikati ya Afrika, zikibadilishwa na pembe za ndovu na mukuba. Zile nyekundu ziliitwa samisami. Nkambo wangu alikuwa na kamba moja ndogo ndani ya mkebe, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Kwenye nyumba ya makumbusho ya kioo, kule Murano, niliona shanga zinazofanana nazo kabisa. Nilisimama pale dakika kumi na tano, kisha nikakimbilia mashua. Dakika kumi na tano tu! Hata sasa ninajuta. Na ule ushanga niliomnunulia mke wangu haraka-haraka karibu na gati, tulipofika nyumbani tulikuta kikaratasi cha nchi ingine chini ya uzi. Tangu 1994 kuna alama ya vioo vya kweli, Vetro Artistico Murano. Itafuteni dukani mbele ya kutoa feza.

Torcello ni habari ingine. Wakimbizi wa Altino walijenga kule, na maandiko ya jiwe yanasema kanisa kubwa lilianzishwa mwaka 639. Ulikuwa mji wenye maelfu ya watu. Kisha mito ikaleta matope, njia za maji zikazibwa, mbu wakaleta malaria. Watu wakahama kidogo-kidogo, na mawe ya manyumba yao yakaenda kujenga mahali pengine. Leo wanaokaa kule ni kama kumi hivi. Unatembea dakika kumi kando ya mfereji, njia ni tambarare, halafu unaingia kanisani na ukuta mzima ni picha ya Hukumu ya mwisho, imetengenezwa kwa vijiwe vya rangi. Lakini mimi niliwaza zaidi zile nyasi za inje. Nikakumbuka Kipushi. Mgodi ulisimama 1993, ukaanza tena kutoa madini 2024. Miaka thelathini na zaidi! Na wengi hawakuhama.

Hayo yote nilimweleza yule mama: asubuhi Murano, kwa kuwa mafundi hawafanyi kazi mpaka jioni, kisha Torcello, Burano aipite tu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

« Na Burano kuko nini? »

Nikamwambia: manyumba ya rangi nyingi, na wanawake wanaoshona dantela kwa sindano. Mwaka 1872, kisha baridi kali iliyowakosesha wavuvi kazi, walifungua shule ya dantela ili kazi ya mikono ya wanawake ilishe jamaa. Leo nyumba ya makumbusho ya dantela iko pale pale.

Mama akanyamaza. Nikakumbuka kuchelewa. Wakati mshahara wa bwana wake ulikatika mgodini, ni mashine yake ya kushona iliyosomesha watoto sita, na huyu wa Mestre ni mmoja wao.

« Pasta, asante, » akasema. « Bioo nitaonaka siku ingine. Minataka paka Burano, nikae pale na mutoto wangu mupaka jioni. »

Basi nikachukua bahasha, nikamwandikia kwa herufi kubwa: FONDAMENTE NOVE, MASHUA 12, BURANO. Torcello nikaiandika chini kwa herufi ndogo, kwa sababu kutoka pale ni dakika tano tu.